Uzinduzi wa Bajeti ya Siwema

Sogeeni karibu, na mwenye haraka zake aondoke sasa hivi, maana nikishaanza sipendi mtu anyanyuke. Nataka kuwasimulia habari za nchi moja. Jina silitaji. Siyo kwamba naogopa, mtu wa umri wangu aogope nini tena, ila nchi yenyewe ina ada ya kutajwa jina, na mimi sina risiti. Jueni tu siyo hii yetu. Hii yetu mambo yake yako sawa, mnayaona wenyewe.

Huko niliishi, nikaoa, nikazaa, nikapata na mjukuu, Siwema. Huyu Siwema tangu mdogo mkono wake ulikuwa wa dawa. Kuku akikohoa, anaitwa Siwema. Punda akigoma kula, Siwema. Kulikuwa na kimbuzi jike cha bi jirani kilivunjika mguu, mwenyewe akataka kukichinja, Siwema akamwambia, "Shangazi, nipe mimi." Akakifunga banzi kwa vijiti viwili na kamba ya kiatu changu. Cha kwangu! Nikawa natembea kiatu kimoja kinalegea, kama mtu anayekanyaga matope. Mbuzi akapona. Akawa anachechemea kidogo, lakini kwenye kupanda majabali hakuna aliyemuweza. Akawa mbuzi wa Siwema.

Sasa alipomaliza shule akasema, "Babu, nataka kwenda chuo cha mifugo. Ada ya kuomba nafasi ni elfu kumi."

Nikasema, elfu kumi si kitu, mama, tutauza mahindi.

Ndiyo hapo nilipoonyesha kwamba sikuisoma sheria. Mimi shule yangu darasa la tatu, tena la tatu lenyewe nililikaa nusu.

*

Nchi ile ina Wizara ya Maombi na Matarajio. Kazi yake ni kuhakikisha mtu haombi kitu kabla hajajiandaa kuomba. Wakubwa walikaa wakaona watoto wa maskini wanaomba vyuo kiholela, wanajaza fomu tu, wanalipa, basi. Wakasema hapana, huu ni utovu wa mipango. Wakatunga sheria: hakuna mtoto kuomba chuo mpaka ukoo wake uwe na bajeti ya maombi, bajeti iwe na kamati ya watu kumi na wawili, na ikishakamilika izinduliwe na mgeni rasmi mbele ya watu waliokaa. Ikizinduliwa unapewa namba ya uzinduzi. Namba hiyo ndiyo unaiandika kwenye simu wakati unalipa ada. Bila namba, simu inakwambia, "Ndoto yako haitambuliki."

Mtu wa kutoa namba kwetu alikuwa Bwana Lukindo, Afisa Uzinduzi. Mwembamba, shati limenyooka, kitabu cha sheria kwapani wakati wote, mpaka jasho la kwapa lilikuwa limefuta kifungu cha nne, kwa hiyo kifungu cha nne kwetu hakikutumika. Nisimseme vibaya. Hakula rushwa hata siku moja. Alikuwa anaamini, na mtu anayeamini ni mzito kuliko mla rushwa, kwa sababu huyu huna cha kumpa.

Nikampelekea bajeti, Siwema ameiandika vizuri kwa mkono wake: ada elfu kumi, picha elfu tatu, muhuri wa vyeti elfu mbili. Jumla elfu kumi na tano.

Bwana Lukindo akaigeuza juu chini akitafuta nyingine nyuma yake.

"Mzee, hii ni bajeti au ni nauli?"

"Bajeti, mwanangu."

"Chini ya laki tatu haiitwi bajeti. Inaitwa matumizi. Matumizi hayazinduliwi."

"Lakini kuomba kwenyewe ni elfu kumi na tano tu."

"Ndiyo shida ya wananchi," akasema kwa upole kabisa, "mnafikiri bajeti ni ya kitu mnachokitaka. Viti viko wapi humu? Turubai liko wapi? Nani atakaa, atakaa wapi, atakunywa nini? Nenda ukaikuze."

Nikaenda nikaikuza.

*

Kamati ikakaa. Mwenyekiti akawa Mzee Chambuso, mwenye mashine ya kusaga, mtu wa sauti nzito ambaye hata akiomba chumvi unadhani anafungua mkutano. Kikao cha kwanza kilijadili posho ya kikao cha kwanza. Cha pili kikasoma muhtasari wa cha kwanza, kikaona posho ilikuwa ndogo. Cha tatu wakamkumbuka Siwema.

"Yule binti anataka kusomea nini vile?" Mzee Chambuso akauliza.

"Mifugo," nikasema.

"Safi. Wajumbe, naomba iingie kwenye muhtasari kwamba kikao kimeambiwa ni mifugo."

Mke wangu, Bi Kidawa, ndiye aliyekuwa anapika chai ya kikao, naye hakuwa mjumbe. Akasema kutoka jikoni, "Mngempa hizo za andazi tu mtoto angekuwa keshafika chuoni."

"Shemeji, maoni yanapitia kwa mwenyekiti."

"Na andazi lipitie kwa nani?"

Wakanyamaza, maana andazi lilikuwa bado.

Basi tukafika laki tatu na nusu. Mahindi yangu yote yakaenda, na majirani wakachanga, kila nyumba na kadi yake kama ya harusi. Bwana Lukindo akaipiga muhuri akasema sasa hii ni bajeti, hata ukiishika unaona. Tukamwalika diwani awe mgeni rasmi. Kadi zikasema saa tatu asubuhi. Watu wakakaa.

Saa tatu kamili asubuhi, diwani huyo hapo, na baiskeli yake.

Tukafurahi. Hatukujua tumekwisha. Bwana Lukindo akatazama saa yake, akatazama kitabu, akamfuata diwani chini ya turubai.

"Mheshimiwa, samahani, wewe siyo mgeni rasmi."

"Kadi hii hapa, jina langu hili!"

"Kifungu cha saba. Mgeni rasmi ni mtu anayefika si chini ya saa tatu baada ya saa iliyoandikwa kwenye kadi, watu wakiwa wamekaa wanasubiri. Wewe umefika kwa wakati. Wewe ni msikilizaji. Kaa pale, mstari wa tatu."

Diwani alikuwa mtu mwema. Akasema si neno, nitachelewa. Akapanda baiskeli yake akaenda kukaa nyuma ya kilima, saa tatu nzima, juani, sisi tunamuona kofia yake. Akina mama wakapiga ngoma mpaka ngoma ikalegea. Saa sita na dakika tano akarudi kwa kasi, jasho linamtoka, akashuka, akasema, "Samahanini jamani, nimechelewa."

Bwana Lukindo akafunga kitabu. Tap.

"Kifungu hichohicho, mstari wa mwisho. Mgeni rasmi haombi radhi."

Na uzinduzi ukafa hapohapo. Pilau tukala kimyakimya, kama wafiwa.

*

Sheria ya kule, uzinduzi ukishindikana mara moja, wa pili lazima upande ngazi. Kutoka diwani tukarukia kwa Waziri mwenyewe, Waziri wa Maombi na Matarajio. Tena tulibahatika, alikuwa na nafasi siku ya mwisho kabisa ya maombi. Siku ile saa nane mchana dirisha la vyuo linafungwa. Kadi zetu zikasema saa tatu asubuhi. Nikahesabu kwa vidole: akichelewa saa tatu kisheria, ni saa sita, bado tuna saa mbili za kumwandikia mtoto.

Lakini Waziri haji bure. Ikaletwa karatasi ya mahitaji. Zulia jekundu mita kumi. Maji ya chupa, yafunguliwe mbele yake. Mkasi wenye mpini wa dhahabu au rangi ya dhahabu. Utepe. Viti mia mbili, "ili umati uonekane." Sisi kijiji kizima na wagonjwa wetu tulikuwa tisini na nane. Kiti cha Waziri chenyewe kilikuwa na kifungu chake na kifungu kidogo, cha mto wa kukalia.

Bajeti ikawa laki tisa. Michango tulikamua mpaka ikafika laki nane na elfu tisini. Ikabaki elfu kumi, na hapakuwa na mahali pa kuitoa. Kamati ikakaa kupunguza.

"Tutoe maji ya chupa," nikasema.

"Waziri anywe ya kisima?" Mzee Chambuso akanitolea macho. "Unataka tufungwe?"

"Tupunguze zulia."

"Aishie katikati arukie meza kuu? Na tumbo lile?"

"Basi posho."

Hapo wajumbe wote kumi na mmoja wakakohoa kwa pamoja.

Mzee Chambuso akachukua kalamu, akapita mistari yote taratibu kutoka juu mpaka chini, akasimama mahali. Uso ukamng'aa. "Wajumbe, hiki hapa kifungu kinaelea tu, hakigusi shughuli. Kifungu cha kwanza. Ada ya maombi, elfu kumi. Kamili! Tukikiondoa, bajeti inalingana senti kwa senti."

Makofi. Ndugu zangu, walipiga makofi. Na mimi, nisiwafiche, kwa kufurahi kwamba hesabu imelingana, nilipiga makofi mawili kabla sijaelewa. Siwema alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimimina chai kwa kila mmoja, hakumwaga hata tone.

Baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba anamsugua mbuzi wake kwa kitambaa chenye maji, kama mtu anayemwandaa mgonjwa kwenda hospitali.

"Babu," akasema, "wakubwa wazindue. Mimi naenda mnadani."

*

Siku ikafika. Siwema akatoka alfajiri na mbuzi wake, mnada uko mbali, na kwa miguu mbuzi yule hakuwa wa kumkimbiza. Sisi tukakaa. Tisini na saba kwenye viti mia mbili, na Bwana Lukindo akatuamuru tukae kwa kuachana ili tujae. Saa tatu. Saa nne. Mshereheshaji, kijana aliyekodiwa na suti ya kukodi, kila baada ya robo saa anasema, "Mheshimiwa yuko njiani, tumpigie makofi ya njiani!" Tunapiga. Saa tano. Pilau limeiva, harufu inatembea katikati ya viti kama mkaguzi, lakini sheria ni sheria, hakuna kula kabla ya kuzindua. Bwana Lukindo mwenyewe nilimuona anameza mate.

Saa sita ikapita, Waziri hayupo. Mimi macho yangu hayakuwa barabara ya lami. Yalikuwa njia ya mnadani. Namuwazia mjukuu wangu: hata akiipata elfu kumi, namba ya uzinduzi ataipata wapi? Mtoto ana fedha hana namba, au ana namba hana fedha, na saa nane inakuja.

Saa sita na robo nikaona vumbi.

"Anakuja!" mshereheshaji akapiga kelele. "Wote tusimame! Hapana, tukae, sheria inasema tukae!"

Tukakaa. Akina mama wakapiga vigelegele. Vumbi likafika, likatulia, na ndani yake ikatoka pikipiki, na nyuma ya pikipiki Siwema, mavumbi mpaka kwenye kope, kamba ya mbuzi mkononi bila mbuzi.

Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, vikashindwa kurudi.

Mtoto akashuka, akaona watu wote wamegeuka wanamtazama, akaona aibu, akafungua mdomo. "Jamani, sama..."

Sijui Bi Kidawa aliruka vipi. Mwanamke ana magoti mabovu tangu mwaka wa mafuriko. Nilichoona ni khanga imepita mbele yangu, na pindo lake limejaa mdomoni mwa Siwema.

"Nyamaza!" akamwambia. "Usiombe radhi! Ukiomba radhi nakukana!" Kisha akageuka, mkono bado umeziba mdomo wa mtoto. "Bwana Lukindo! Hebu fungua kitabu chako, kifungu cha saba. Kadi inasema saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Huyu kafika saa ngapi?"

Bwana Lukindo akatazama saa. "Sita na robo."

"Watu wamekaa hawajakaa?"

"Wamekaa."

"Kaomba radhi?"

"Kaanza."

"Nimeuliza kaomba!"

Mzee Chambuso akainuka na sauti yake. "Upuuzi gani huu? Mgeni rasmi ni Waziri! Huyu si ndiye mtoto tuliyekuwa tunampelekea chai, hapana, anayetuletea chai!"

Bwana Lukindo akainua kidole. Alikuwa amefungua kitabu, anasoma kwa midomo, pole pole, na nikaona jasho linamtiririka. Niliwaambia mtu yule alikuwa anaamini. Akasoma kwa sauti. "Mgeni rasmi ni mtu. Haijaandikwa mtu mkubwa. Haijaandikwa Waziri. Haijaandikwa asiwe mwenye bajeti." Akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. "Huenda kifungu cha nne kilikataza," akasema, "lakini cha nne hakisomeki."

Kisha akamsogelea mjukuu wangu, akaondoa mkono wa Bi Kidawa kwa heshima, akainama kidogo.

"Mheshimiwa," akasema, "karibu mezani."

Siwema akapita juu ya zulia jekundu na ndala zake zenye mavi ya mbuzi. Mkasi wa dhahabu haukukata, ulikuwa wa rangi tu, akaukata utepe kwa meno. Mshereheshaji akampa kipaza sauti, akasema hotuba ni lazima. Mtoto akafikiri.

"Nimemuuza kwa elfu kumi na mbili," akasema. "Walitaka kunipunja kwa sababu ya mguu. Mbili nimempa mwenye pikipiki. Kumi ziko kwenye simu. Nazindua."

Namba ikaandikwa. Mtandao haupo kijijini isipokuwa ukipanda juu, kwa hiyo mgeni rasmi akapanda juu ya meza kuu, kati ya maji ya chupa, akainua simu. Saa sita na dakika hamsini ikalia. Maombi yamepokelewa. Nililia, na sijali nani aliniona. Halafu tukala.

*

Waziri alifika saa kumi, magari saba.

Bwana Lukindo akamfungulia mlango mwenyewe. "Mheshimiwa, mgeni rasmi keshafika."

"Nani?"

"Yule pale anayeosha sufuria."

Waziri alisoma kifungu kile mara tatu. Sheria aliitunga yeye. Akapewa kiti, cha plastiki, mstari wa tatu, pale diwani alipoambiwa akae, na sahani ya ukoko. Watu wakaenda zao mashambani. Hotuba yake ilikuwa imeshaandikwa, na hotuba ikishaandikwa haiwezi kurudi nyumbani haijasomwa, basi akasimama akaisoma mbele ya viti mia mbili. Ilihusu kutunza muda. Jioni redio ikasema Waziri amezindua mbele ya umati ambao haukuinuka hata mmoja kabla hajamaliza. Hawakusema uongo.

Mwaka ule chuo cha mifugo kilikuwa na nafasi mia tatu. Maombi yaliyofika yalikuwa tisa. Nchi nzima ilikuwa imekaa kwenye viti inasubiri. Wizara ikatoa tamko la masikitiko kwamba vijana wa siku hizi hawapendi mifugo, ikaunda kamati ichunguze ni kwa nini, na kamati ikaunda bajeti.

Wiki ya tano ikaja barua. Siwema kachaguliwa. Akanisomea mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo, akitazama msumari ukutani ilipotundikwa ile kamba. Nikamwambia mbuzi kafanya kazi kuliko Wizara, mama, soma uwatibu wenzake.

Akasema, "Babu, kuna mstari wa chini." Akausoma. Kabla ya kuripoti, mwanafunzi aandae bajeti ya kujiunga, nayo izinduliwe na mgeni rasmi.

Mzee Chambuso alifika kabla barua haijakunjwa, keshavaa koti la kikao. Nikamwambia atulie, safari hii kamati ni mimi na Bi Kidawa. Kadi tumeshaandika, saa tatu asubuhi. Viti kila mtu aje na chake.

Na Siwema nimemwambia siku hiyo akitoka kitandani kabla ya saa sita, nitamchapa na ukubwa wake wote.